Kwenye Ikama Hayumo

Lusungu alidumu wiki tano. Aliyemtangulia alidumu miezi minne, na yule wa kwanza kabisa, aliyetoka Tanga na redio yake, alikaa mwaka mmoja kasoro siku chache, kisha akasema mvua za Kyela zimemshinda. Wote watatu walikuwa na shahada ya fiziotherapia. Wote walipokewa kwa maombi na soda. Na wote waliondoka asubuhi, kabla kliniki haijaanza, wakauacha ufunguo wa chumba cha mazoezi kwa mlinzi wa getini.

Hospitali ya misheni ya Kasyonga iko nje kidogo ya Ipinda, mahali ambapo mashamba ya mpunga yanaanzia nyuma ya jengo la kufulia. Tulinagwe alikuwa na miaka tisa pale. Chumba cha mazoezi alikianzisha yeye, kikiwa bado stoo ya vitanda vibovu. Alivitoa vitanda, akamwomba fundi wa kuchomelea amtengenezee kwa mabomba yake vyuma viwili vya kushikilia, mgonjwa apite katikati akijifunza kutembea upya. Mume wake, Ambilikile, alileta mbao za ngazi tatu za kujifunzia kupanda. Tulinagwe alikuwa na stashahada yenye mhuri, na leseni ya baraza la taaluma yake. Lakini kwenye ikama, yaani ile orodha ya nafasi za kazi ambazo hospitali inazitambua, nafasi ya fiziotherapia ilitaka mtu mwenye shahada. Kwa hiyo siku ya kumwajiri walimwandika "mhudumu wa afya", na katibu wa hospitali, Bwana Godwin, akamwambia ni kwa sasa tu.

Hiyo "kwa sasa" ingekuwa mtoto, ingekuwa darasa la tatu.

Alipokuja mwenye shahada, Tulinagwe alirudishwa wodini kupiga deki na kubeba mabeseni. Mwenye shahada akiondoka, aliitwa ashike ufunguo. Mara mbili aliomba ruhusa ya kwenda kuisomea hiyo shahada, na mara mbili aliulizwa, ukienda wewe, wagonjwa wabaki na nani? Hakufaa kuandikwa, na alihitajika mno kiasi cha kutoachiwa akatafute kile cha kumfanya afae. Alilifikiria jambo hilo kila siku akiendesha baiskeli kurudi nyumbani, na kila siku alifika bila kumwambia mtu.

Asubuhi ile Lusungu alipoondoka, alimpigia simu akiwa stendi ya Mbeya.

"Dada Tuli, nisamehe sijakuaga. Nimepata timu ya mpira Dar es Salaam, wanataka mtaalamu wa viungo kesho kutwa. Kwa kweli pale anayeijua kazi ni wewe. Mimi nilikuwa nakutazama tu."

"Umeyaandika hayo kwenye barua yako ya kuacha kazi?"

Kelele za wapiga debe zikasikika nyuma yake.

"Hapana, dada."

"Haya. Safari njema."

Hakuwa na hasira naye, au alidhani hana. Alichukua ndoo akaingia wodi ya wanawake. Alikuwa amefika kitanda cha nne, akikamua tambara, Bwana Godwin alipoingia. Godwin alikuwa mwenyeji wa palepale, mtu wa miaka hamsini na kitu, shati limenyooshwa. Kazini alisema Kiswahili cha ofisini. Kinyakyusa alikitoa akiwa na shida.

"Ugonile, mama."

"Ndaga."

"Kijana naye ametuacha."

"Nimesikia."

"Ndiyo vijana wa leo." Akanyoosha mkono. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwa kamba ya bluu. "Shika wewe, kwa sasa."

Tulinagwe aliutazama. Mikono yake ilikuwa imelowa, maji yakidondoka sakafuni. Hakuwa amepanga lolote. Baadaye Ambilikile alimuuliza kama alikuwa amejiandaa, akasema hapana, neno lilitoka lenyewe kama chafya.

"Siupokei."

Godwin alicheka kidogo, akabaki mkono umenyooka. "Jifute kwanza mikono, basi."

"Si maji. Siupokei. Mimi ni mhudumu wa afya, Bwana Godwin. Mhudumu hatibu mgonjwa wa kiharusi, wala hamkunji mtu goti lililopasuliwa. Mpe yule aliyeandikwa."

"Unajua hakuna aliyeandikwa."

"Basi chumba hakina mtu."

"Kuna wagonjwa pale nje, Tulinagwe. Unataka kuwaadhibu wao?"

"Wanaijua ofisi yako ilipo," alisema, akainama kuendelea na kitanda cha tano.

Viatu vya Godwin vikasikika vikitoka. Tulinagwe alipiga deki mpaka mwisho wa wodi. Alimwaga maji ya ndoo, akatoka.

Nje, kwenye benchi la chumba cha mazoezi, walikaa wagonjwa sita. Aliyekuwa karibu na mlango ni Salim, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Ipinda, aliyevunjika nyonga na kuungwa, magongo yake yameegemezwa ukutani. Kando yake alikaa Felista, mfinyanzi wa Ikombe. Miezi mitatu nyuma kiharusi kilimpiga upande wa kulia akiwa anachota udongo. Wanawe walimvusha kwa mtumbwi hadi Matema, wakatafuta gari, na tangu alipotoka wodini alikuwa akikaa Mwaya kwa mdogo wake ili awe karibu na hospitali.

Tulinagwe aliwaamkia, akawaeleza jambo lilivyo bila kupunguza wala kuongeza. Salim alimsikiliza akitikisa kichwa.

"Dada, mimi sikatai, una haki yako," alisema. "Lakini nyonga yangu ina kosa gani? Ugomvi wenu wa makaratasi unanihusu nini mimi?"

Swali hilo lilimchoma, kwa sababu ndilo alilokuwa akijiuliza mwenyewe. Kabla hajajibu, Felista alisema. Mdomo wake ulikuwa bado umevutwa upande mmoja, na maneno yalitoka polepole.

"Bwana Salim, dukani kwako kuna kijana anayeuza. Miaka tisa ukimwandika mfagiaji, atakuuzia?"

Salim aliangalia magongo yake.

"Asifungue," alisema Felista. "Mimi nitangoja. Mkono huu umeshajifunza kungoja."

Lakini Tulinagwe hakukusudia wangoje. Mhudumu wa afya alimaliza zamu saa tisa na nusu alasiri, na baada ya hapo miguu ilikuwa yake na leseni ilikuwa yake. Siku ileile alimwambia kila mmoja, "Hospitali imefunga. Mimi sijafunga. Niambieni mnakaa wapi." Kuanzia hapo kila alasiri aliendesha baiskeli, leo Mwaya, kesho Ipinda, akipita kwenye matuta ya mpunga na chini ya migomba, mkeka umeviringishwa nyuma. Salim alifanyia mazoezi dukani kwake, akishikilia kaunta, wateja wakisubiri misumari. Alilalamika kila hatua, na hakukosa hata siku moja.

Kwa Felista alikaa muda mrefu zaidi. Siku ya tatu alimkuta mdogo wake ameweka sinia lenye bonge la udongo mweusi, umefunikwa kitambaa kibichi.

"Wameuleta wanangu kutoka Ikombe," alisema Felista. "Wauguzi wote wananiambia nizoee mkono wa kushoto. Wewe usiniambie hivyo."

"Sijakwambia."

"Usije ukaniambia."

Tulinagwe aliukata udongo kipande cha ukubwa wa yai, akakiweka kwenye kiganja cha kulia, akavifunika vidole vya Felista kwa vyake. "Bana." Hakikutokea kitu. "Bana tena." Walikaa hivyo hadi kivuli cha nyumba kilipofika kisimani. Alipoufungua mkono, udongo ulikuwa na alama mbili, ya kidole gumba na ya kidole cha shahada, hafifu kama kucha ya mtoto. Felista alizitazama sana. Alikataa udongo ule kurudishwa kwenye bonge.

Zubery alimpigia Tulinagwe simu Jumamosi. Walisoma pamoja, naye sasa alikuwa na kliniki yake Dar es Salaam pamoja na wenzake wawili. Habari za ufunguo zilikwishamfikia, maana wataalamu wa fani hiyo ni wachache na wanasimuliana.

"Tulimaliza ishirini na wawili, Tuli. Unajua wako wapi? Wawili wako Uarabuni. Wanne wanauza dawa za makampuni, wanatembea na mabegi. Felix anauza vipuri vya magari. Wengine wote tuko hapa mjini tunagombania wagonjwa wa migongo, watu wa kukaa ofisini. Aliyebaki kijijini ni wewe peke yako, na wamekuandika mpiga deki. Njoo. Hapa jina lako litakaa mlangoni."

"Na nani atakaa huku?"

"Hilo si swali lako. Ni swali la waliokuandika mpiga deki."

Tulinagwe alikata simu akiwa amesimama uani. Ambilikile alikuwa akigeuza kakao kwenye turubai, harufu yake chachu imejaa kotekote. Alikuwa amesikia yote, kwa kuwa Zubery huongea kama yuko shambani.

"Ukienda kwa sababu unapataka, nitakusindikiza hadi stendi," alisema bila kuinua kichwa. "Watoto watakula ndizi, hawatakufa. Ila ukienda kwa kumkimbia Godwin, mjini nako kuna akina Godwin."

"Sitaki kwenda. Ndilo linaloniudhi. Kila mtu anadhani anayebaki amekosa pa kwenda."

"Sasa unataka nini?"

Alifikiri. Ilikuwa ajabu kwamba katika miaka tisa hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Nataka kubaki bila kufichwa," alisema.

Jumatatu barua ilimngoja. "Kukaidi maagizo halali ya mwajiri," iliandikwa, na alitakiwa kujieleza ndani ya siku tatu. Alijieleza palepale, akiandika kwa kalamu ya mapokezi. Aliambatanisha barua yake ya ajira ya miaka tisa nyuma, akapigia mstari kazi zote nane za mhudumu zilizoorodheshwa humo, akauliza ni ipi kati ya hizo ambayo hakuifanya. Karani aliyeipokea aliisoma yote kabla ya kuigonga mhuri, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane akamwita sista.

Siku ya tisa tangu aukatae ufunguo aliitwa na Daktari Veronika, mganga mfawidhi. Huyu ndiye mkuu wa hospitali, na ndiye pia daktari wa upasuaji. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye maneno machache, na katika mgogoro wote hakuwa ametia neno. Bwana Godwin alikuwa ameketi pembeni na jalada mapajani.

"Nimetoka kumwona mwalimu niliyempasua goti mwezi uliopita," alisema daktari. "Halikunji. Mfupa nimeuunga vizuri kabisa, na goti limekuwa kama mti. Najua ingekuwaje kama ungekuwa chumbani mwako."

"Si chumba changu, daktari. Mimi wodi yangu ni ya wanawake."

Godwin alifungua jalada. "Hebu tuwe watu wazima. Utaratibu unadai shahada. Tumeitangaza nafasi mara nne. Unajua mara mbili za mwisho waliomba wangapi? Mara ya tatu hakuna. Mara ya nne mmoja, naye ndiye huyu aliyetukimbia. Sisi hatuna ubaya na wewe, ila hatuwezi kuandika mtu asiye na sifa."

"Lakini mnaweza kumtumia."

"Ni kwa ajili ya wagonjwa."

"Bwana Godwin, mmenitumia kama karai la fundi, nyumba ikiisha linaachwa nje linyeshewe. Mimi nilinyamaza, na kosa hilo ni langu. Nilidhani nikifanya kazi vizuri ipo siku mtaniona. Sasa nimeelewa kwamba kadiri nilivyofanya vizuri ndivyo mlivyokosa sababu ya kuniona. Chumba kilikuwa kinafunguliwa, mlihitaji nini tena?"

Daktari Veronika aliweka kalamu mezani. "Unataka nini?"

Mara ya pili katika wiki moja. Safari hii jibu lilikuwa tayari.

"Iandikeni kada yangu kwenye ikama, ngazi ya stashahada. Iwe nafasi ya kudumu, si ya Tulinagwe, hata nikifa leo aandikwe mwingine kwa jina la kazi yake. Na mwakani nipewe ruhusa ya kwenda kusoma, mshahara ukiendelea, hata nusu."

"Ukienda kusoma," Godwin alianza, "wagonjwa watabaki na..."

"Nani? Niambie." Sauti yake haikupanda, lakini karani chumba cha pili aliacha kugonga mashine. "Kwenye karatasi zenu hapa hakuna fiziotherapia. Mtu asiyekuwepo akiondoka, anaacha pengo gani?"

Nje mvua ilianza kwa kishindo, kama inavyoanza Kyela bila kubisha hodi, na kwa dakika nzima wasingeweza kusikilizana hata kama wangetaka. Ilipopungua, Daktari Veronika alisema ataipeleka hoja kwenye bodi. Akamwomba, je, katika wiki mbili hizi za kuisubiri bodi, afungue?

Tulinagwe alikuwa ameliogopa ombi hilo, kwa sababu lilitoka kwa mtu aliyemheshimu. Alimfikiria yule mwalimu na goti lake.

"Mwalimu anakaa wapi?" aliuliza.

"Kwenye nyumba za shule, Ipinda."

"Nitapita kwake leo saa kumi. Kufungua, sifungui."

Bodi ilikaa, ikavunjika bila uamuzi, ikakaa tena. Mchungaji mmoja alisema kumkubalia ni kufundisha wengine ukaidi. Inasemekana Daktari Veronika alimjibu kwamba yeye akiunga mfupa anataka utembee, na kama bodi ina mtu mwingine wa kuutembeza imtaje. Haikuwa naye. Wiki ya nne Tulinagwe aliitwa kusaini. Ikama mpya ilikuwa na mstari mmoja zaidi, na kwenye mstari huo kulikuwa na jina la kada yake. Ruhusa ya masomo ilikuwemo pia, kwa nusu mshahara.

Kwenye ukurasa wa mwisho palikuwa na kifungu ambacho hakuna aliyekitaja. Akimaliza masomo, angetakiwa kuitumikia hospitali ya Kasyonga kwa miaka saba, na hangeruhusiwa kuomba kazi kwingine. Alikisoma mara mbili. Kisha aliazima rula ya Godwin, akakikata kwa mistari miwili ya wino, akaandika jina lake pembeni, akasaini chini.

"Huwezi kukata kifungu cha mkataba," alisema Godwin.

"Nimeshakikata."

"Kila anayesomeshwa anakimbia. Tunajilinda."

"Wale watatu walikimbia wakiwa na mikataba, Bwana Godwin. Karatasi haikumzuia hata mmoja. Mimi miaka tisa hamkunifunga na kitu, na niko hapa. Nikirudi, nitarudi kwa sababu hapa ni kwetu, na kwa sababu nimeandikwa. Sitarudi kama mbuzi wa kamba."

Godwin aliuchukua mkataba. Huenda alichoka, au huenda kwa kweli alielewa, maana hakuwa mtu mjinga. Akaupiga mhuri kama ulivyo.

Kazi ya mwaka uliofuata ilikuwa nyingi kuliko ya miaka mitatu. Goti la mwalimu lilikubali kukunja kwa sehemu tu, na kila alipomwona akipanda ngazi kwa upande, Tulinagwe alizihesabu wiki zile nne, na hakujidanganya kwamba hazikuwa na gharama. Salim alitupa magongo. Felista alirudi Ikombe na mkono wa kulia unaobana lakini usiozunguka vizuri. Chungu chake cha kwanza kilikuwa kidogo, kimekaa upande. Binti zake walitaka kukivunja warudie udongo, akawafukuza. Kilichomwa na vingine, kikaenda mnadani Matema, na mama mmoja akakinunua cha kupikia maharage.

Sasa Tulinagwe yuko Moshi, mwaka wa pili. Ipinda kuna watu wanaosema hatarudi, na wengine wameshabishana mpaka wamewekeana dau la jogoo. Likizo anakuja, anavaa koti jeupe, anaingia kazini kama kawaida, wala hawajibu.

Chumba hakikufungwa alipoondoka. Kwa kuwa mstari ulikuwepo kwenye ikama, hospitali ilitangaza nafasi ya stashahada, wakaomba watu kumi na mmoja. Aliyeshinda anaitwa Tumaini, binti wa Mwaya, ana miaka ishirini na minne na mikono yenye nguvu. Likizo ya kwanza Tulinagwe alimwomba amwonyeshe barua yake ya ajira. Tumaini alishangaa, akaitoa mkobani. Tulinagwe aliisoma mstari kwa mstari hadi alipolifikia jina la kazi, akalipitisha kidole, akairudisha.

"Kuna kosa, dada?" aliuliza Tumaini.

"Hapana. Wamepatia."

Tumaini aliikunja barua. Kisha, macho yakiwa dirishani, akasema kuna kaka mmoja wa Dar es Salaam, Zubery, ambaye amempigia mara mbili kumweleza habari za kliniki yake.

"Na mimi alinipigia," alisema Tulinagwe.

"Ukamwambiaje?"

"Nilikata simu." Alikuwa akikunja mikono ya koti, maana benchi nje lilikuwa limejaa. "Wewe ongea naye. Muulize mshahara, muulize kama atakupeleka shule, umwambie aandike. Halafu nenda kwa Bwana Godwin umwekee karatasi hiyo mezani, umuulize yeye ana nini. Usiogope akianza kukuamkia kwa Kinyakyusa."

Tumaini alicheka, akafungua mlango, akaita mgonjwa wa kwanza.